Kocha msaidizi wa futiboli ya vyuo vya Marekani aondoke lini kwenda kuwa kocha mkuu?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kila ifikapo mwishoni mwa Novemba, msimu wa kawaida wa futiboli ya vyuo vya Marekani (ile ya mpira wa umbo la yai, si soka) ukiwa ukingoni, vibarua vya makocha wakuu huanza kuota nyasi, na majina yaleyale ya makocha wasaidizi huanza kutajwa kwa kila nafasi iliyo wazi. Nimeufuatilia mchezo huu kwa miaka mingi na ninaupenda kwa dhati, na jambo linaloniuma kila mwaka ni kuona kocha msaidizi hodari akikubali kiti ambacho hakuna mtu angekikalia kwa amani, kisha baada ya misimu mitatu akirudi alikotoka jina likiwa limechafuka. Msimamo wangu nautanguliza mapema: wakati mwafaka wa kuondoka haupimwi kwa umri wa kocha, wala kwa vikombe alivyochangia kuvileta, wala kwa jinsi jina lake linavyovuma mwaka huo. Unapimwa kwa hali ya kiti anachoitiwa, na kwa kujiuliza kama amewahi kufanya maamuzi ambayo kiti hicho kitamdai kuanzia siku ya kwanza.

Kwa waliozoea soka, niseme kidogo jinsi benchi la ufundi la huko linavyopangwa. Kikosi cha chuo kikubwa huwa na wachezaji wapatao 100 au zaidi. Chini ya kocha mkuu wapo waratibu, hasa wawili, mmoja wa mashambulizi na mwingine wa ulinzi, na chini yao wapo makocha wa kila nafasi uwanjani. Mratibu ndiye anayechagua mbinu ya kila mpira unaochezwa upande wake, kwa hiyo kazi yake huonekana na kupimika kirahisi. Kocha mkuu, kinyume chake, anashinda kutwa katika mambo ambayo mratibu huyaona kwa mbali tu: kuajiri na kufukuza wasaidizi, kuzungumza na mkurugenzi wa michezo na wafadhili, kugawa fedha za wachezaji, kusikiliza wazazi, kujibu waandishi, na kuamua mambo madogo ya mchezo ambayo hayana upande.

Hayo mambo madogo ndiyo yanayoumbua watu. Tarehe 11 Septemba 1999, mjini Waco, Texas, Baylor walikuwa wakiongoza 24 kwa 21 dhidi ya UNLV, chuo cha Las Vegas, zikiwa zimebaki sekunde chache tu. Mpira walikuwa nao Baylor wenyewe, tena hatua chache kutoka mstari wa mwisho wa wapinzani. Kilichohitajika ni mchezaji mmoja kupokea mpira, kupiga goti, na kuiacha saa imalize kazi. Kocha mkuu Kevin Steele, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza kazini, alitaka kuwajengea vijana wake moyo wa kupambana mpaka mwisho, hivyo wakaendelea kushambulia ili wafunge tena. Mpira ukamponyoka mchezaji wa Baylor kwenye mstari wa mwisho, beki wa UNLV Kevin Thomas akaudaka na kukimbia nao uwanja mzima, karibu yadi 100, na mchezo ukaisha 27 kwa 24 kwa faida ya wageni. Baylor walimaliza msimu ule na ushindi mmoja na vipigo 10. Steele aliondoka baada ya misimu minne akiwa na ushindi mara 9 na vipigo 36, na hakupata tena ukocha mkuu wa kudumu, ingawa baadaye Clemson, LSU, Auburn na Alabama wote walimkabidhi ulinzi wao. Huyu hakuwa kocha dhaifu. Alikuwa mtaalamu wa ulinzi aliyeheshimika, ila uamuzi wa kupiga goti au kutopiga haumo katika kazi ya mtu wa ulinzi, na hakuwa ameuzoea.

Sasa tutazame kiti chenyewe. Mfano ninaoupenda zaidi ni South Florida, chuo cha mjini Tampa, kwa sababu kinaonyesha kiti kilekile katika nyakati mbili tofauti. Desemba 2019 kilimchukua Jeff Scott, mmoja wa waratibu wa mashambulizi wa Clemson, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa taifa wa misimu ya 2016 na 2018. Scott alikuwa akivuma kweli. Aliingia kazini miezi michache kabla ya ugonjwa wa korona kufuta mazoezi ya machipuko, katika chuo kisicho na uwanja wake, kilichokuwa kikicheza katika uwanja wa timu ya kulipwa ya Tampa Bay Buccaneers, na kisicho na jengo la kufanyia mazoezi ya ndani katika mji ambao radi za kiangazi hukatiza kazi mara kwa mara. Alitimuliwa Novemba 2022 akiwa na ushindi mara 4 na vipigo 26. Nafasi yake ikachukuliwa na Alex Golesh, mratibu wa mashambulizi wa Tennessee, wakati ujenzi wa jengo la mazoezi ya ndani ukiwa umefikia mwisho. Na katikati ya 2023 bodi ya chuo ikaidhinisha ujenzi wa uwanja wa chuo chenyewe. Golesh alimaliza msimu wa kwanza na ushindi mara 7 na vipigo 6, akarudia hivyohivyo mwaka uliofuata, na mwishoni mwa 2025 Auburn wakamchukua. Sidai kwamba jengo ndilo lililoshinda mechi, wala kwamba Golesh hana kipaji. Ninachosema ni kwamba kilichobadilika kati ya watu hawa wawili hakikuwa kipaji pekee. Chuo chenyewe kilikuwa kimeanza kutoa fedha, na fedha hizo hutangulia ushindi.

Kwa hiyo mratibu anapopigiwa simu, swali la kwanza analopaswa kuliuliza ni kwa nini kiti kiko wazi. Je, kocha aliyetangulia aliondoka kwa kupandishwa, au amefukuzwa, na yule aliyekuwa kabla yake naye alifukuzwa? Wasaidizi watalipwa kiasi gani kwa jumla? Mkurugenzi wa michezo aliyemwita atakuwepo baada ya miaka miwili, au naye anakalia kuti kavu? Tangu Julai 2021 wachezaji wameruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao, na kuanzia 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa ukomo ulioanzia dola milioni 20.5 hivi katika mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Chuo kilicho tayari kufikia ukomo huo na chuo kitakachotoa robo yake ni kazi mbili tofauti kabisa, hata kama vinacheza katika ligi moja na mshahara wa kocha unafanana.

Kirby Smart alielewa kusubiri. Aliongoza ulinzi wa Alabama misimu minane, kuanzia 2008 hadi 2015, na kila mwaka jina lake lilihusishwa na nafasi fulani. Alibaki. Alipoondoka, alikwenda Georgia, chuo alichokichezea mwenyewe miaka ya tisini, katika jimbo alilokulia na lenye hazina kubwa ya vijana wa kusajili. Msimu wa kwanza alishinda mara 8 na kupoteza 5. Wa pili akafika fainali ya taifa. Kisha akatwaa ubingwa wa misimu ya 2021 na 2022. Wapo wanaosema alikaa chini ya kivuli cha Nick Saban, kocha mkuu wa Alabama wakati huo, muda mrefu kupita kiasi. Mimi naona alikuwa akisubiri kiti kimoja alichokijua mpaka jikoni.

Lakini kusubiri si kanuni, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomtukuza Smart peke yake. Curt Cignetti alikuwa kocha wa wapokeaji, yaani wadakaji wa pasi, wa Alabama na msimamizi wa usajili kuanzia 2007, katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa 2009. Hakuwa mratibu, na hakuna chuo kikubwa kilichokuwa kikimwita. Akiwa anakaribia miaka 50, aliacha mshahara mkubwa zaidi akaenda kuwa kocha mkuu wa Indiana University of Pennsylvania, chuo cha daraja la pili katika mji mdogo wa Pennsylvania uitwao Indiana, ambako baba yake alikuwa kocha kwa miaka mingi. Alikaa huko misimu sita, akapanda kwenda Elon, kisha James Madison, na mwishoni mwa 2023 Indiana, safari hii ile ya jimbo la Indiana, timu iliyozoeleka kufungwa. Msimu wa 2024 alishinda mara 11 na kupoteza 2. Msimu wa 2025 hakufungwa hata mchezo mmoja na akatwaa ubingwa wa taifa. Tazameni alichokifuata: hakufuata jina la chuo, alifuata haki ya kuamua. Alipofika kwenye kiti kikubwa alikuwa ameshafanya maamuzi ya kocha mkuu kwa zaidi ya miaka kumi, na makosa ya mwanzo aliyafanyia mahali ambapo hakuna kamera za taifa zima.

Smart na Cignetti wanaonekana kupingana, mmoja akisubiri na mwingine akikimbilia chini, lakini wote wawili walikichunguza kiti kwanza. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye nyama. Nina swali. Ikiwa kuzoea maamuzi ya kocha mkuu ni sharti, utamweka wapi Dabo Swinney? Oktoba 2008, Tommy Bowden alipoachia ngazi Clemson katikati ya msimu, Swinney alikuwa kocha wa wapokeaji tu, hajawahi kuwa mratibu hata siku moja, akakabidhiwa timu kama kaimu na baadaye akapewa kazi moja kwa moja. Na Marcus Freeman alikuwa mratibu wa ulinzi wa Notre Dame kwa msimu mmoja tu kabla ya kurithi mikoba ya Brian Kelly, Desemba 2021, akiwa na miaka 35. Hao hawakusubiri wala hawakupitia daraja la pili.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hao wawili ni mifano mizuri na ninafurahi umewaleta. Wote walirithi kiti wakiwa ndani ya nyumba. Mtu wa ndani anajua tayari majibu ya maswali niliyoyaorodhesha: anajua wafadhili ni akina nani, anajua nani katika wasaidizi anafanya kazi na nani anakula mshahara, anajua wachezaji kwa majina na wazazi wao. Swinney, mara tu alipokabidhiwa timu, alimwondoa mratibu wa mashambulizi. Mgeni angehitaji miezi kuupata ujasiri huo, na pengine angekosea mtu wa kumwondoa. Kisha alipewa nusu ya msimu kama mtihani wa kweli, akashinda michezo 4 kati ya 6, na chuo kikapata kumwona akiwa kazini badala ya kumsikiliza kwenye usaili.

Kuhusu Freeman, mtazame alivyoanza. Msimu wa 2022 alifungwa nyumbani na Marshall. Mwaka 2024 akafungwa, nyumbani vilevile, na Northern Illinois, 16 kwa 14, kipigo ambacho katika vyuo vingi kingewasha moto wa kumtaka aondoke. Notre Dame walitulia, naye msimu uleule akawafikisha fainali ya taifa ya Januari 2025, walikofungwa na Ohio State 34 kwa 23. Kijana wa miaka 35 anaweza kuchukua kiti kikubwa ikiwa kiti hicho kina uvumilivu ndani yake. Nikiwa wakala wa kocha kijana, nitaupima uvumilivu huo kabla hata ya kuuliza mshahara: nitahesabu makocha wangapi chuo kimewapitia katika miaka 15, na kila mmoja alipewa misimu mingapi.

Mchangiaji wa pili

Naandika kutoka Columbus, Ohio, mji ambao futiboli ya chuo ni sehemu ya hewa tunayovuta, na watoto wetu waliozaliwa hapa wanaijua kuliko soka. Mkuu, mimi naona unawashauri vijana kuchagua mno, wakati wahenga walishasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Jina la mratibu huchuja haraka. Mwaka mmoja ulinzi wake ni wa kwanza nchini, mwaka unaofuata mabeki wake wanne wamehitimu, anafungwa alama 40 mara tatu, na simu zinakoma kulia. Bud Foster aliongoza ulinzi wa Virginia Tech kuanzia 1995 hadi 2019, akapata tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora mwaka 2006, akastaafu bila kuwa kocha mkuu hata mara moja. Pia usisahau fedha. Kocha mkuu akifukuzwa hulipwa; Texas A&M walikubali kumlipa Jimbo Fisher zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke mwishoni mwa 2023. Nani anaogopa kufukuzwa kwa bei hiyo?

Mwanzisha uzi

Nimekuelewa vizuri, na sehemu ya kwanza ya hoja yako ina uzito. Ni kweli jina huchuja, na mratibu anayesubiri kiti kisicho na kasoro atasubiri mpaka astaafu. Ndiyo maana nilimleta Cignetti. Asiyeitwa na wakubwa na anayehisi muda unampita, njia yake ni kushuka daraja na kuongoza, si kukubali kiti kibovu cha juu kwa hofu ya kusahaulika. Kiti kibovu cha juu humfanya mtu asahaulike haraka zaidi. Chad Morris, ambaye naye aliratibu mashambulizi ya Clemson, alikuwa kocha mkuu wa chuo cha SMU akikijenga polepole, akaichukua Arkansas Desemba 2017 kwa sababu SEC, ligi kubwa ya vyuo vya Kusini, haipigi hodi mara mbili. Alishinda michezo 4, akapoteza 18, na hakuumaliza msimu wa pili.

Kuhusu Bud Foster, nakuomba usimweke katika kundi la waliochelewa. Alifika Virginia Tech pamoja na Frank Beamer mwaka 1987 na kuondoka baada ya miaka zaidi ya 30. Ulinzi wake ulikuwa na kisanduku cha bati cha kubebea chakula cha mchana, kile cha vibarua wa migodini, ambacho wachezaji walikipokezana kama alama ya kazi, na mpaka leo mashabiki wa Blacksburg, mji wa chuo hicho, wanakiheshimu kuliko vikombe. Phil Parker anafanya vivyo hivyo Iowa: amekuwa na Kirk Ferentz tangu 1999, ameuongoza ulinzi tangu 2012, na tuzo ya Broyles akaipata mwaka 2023. Uratibu wa siku hizi si kazi ya kusubiria kazi nyingine. Waratibu wakubwa wanalipwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka, kiasi ambacho makocha wakuu wengi wa vyuo vya kati hawakipati, na mtu anayependa kukaa na vijana 11 na kuwafundisha namna ya kusoma mpangilio wa wapinzani anaweza kuyachukia maisha ya kukutana na wafadhili jioni tano kwa wiki. Huyo hapaswi kuondoka kamwe, na hilo nalo ni jibu halali la swali la uzi huu.

Fedha za kufukuzwa nazo zina masharti. Mkataba wa Fisher ulikuwa wa kocha aliyeshinda ubingwa wa msimu wa 2013 akiwa Florida State. Kocha mpya katika chuo cha kati hapewi dhamana kama hiyo, na mara nyingi mkataba humpunguzia malipo pindi apatapo kazi nyingine.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongeze jambo ambalo kila mjadala wa namna hii hulipita pembeni. Ushauri wa kusubiri kiti kizuri unawahusu watu wanaoitwa. Charlie Strong aliongoza ulinzi wa Florida kuanzia 2003. Katika fainali ya taifa ya Januari 2007, ulinzi wake uliiruhusu Ohio State, timu iliyokuwa haijafungwa, kupata yadi 82 tu katika mchezo mzima, na Florida ikashinda 41 kwa 14. Angekuwa mratibu mwingine, angekuwa kocha mkuu kabla ya mwezi kuisha. Strong alisubiri karibu miaka mitatu zaidi, akashinda ubingwa mwingine wa msimu wa 2008, na ndipo Louisville wakamwajiri Desemba 2009 akiwa na miaka 49. Aliwahi kusema hadharani kwamba aliamini ndoa yake na mwanamke mweupe ilimnyima kazi katika chuo cha Kusini. Alipopewa nafasi, alishinda michezo 37 na kupoteza 15 Louisville. Sylvester Croom, aliyeichezea Alabama chini ya Bear Bryant na kuifundisha pia, aliombea kazi hiyohiyo ya Alabama mwaka 2003; wakamchukua Mike Shula, ambaye naye hakuwahi kuwa kocha mkuu. Croom akaenda Mississippi State mwishoni mwa mwaka huo, akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika historia ya SEC, katika timu iliyokuwa imeshuka sana na iliyokuwa ikichunguzwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Je, Croom angesubiri kiti kizuri kipi?

Mwanzisha uzi

Ndugu, hapa umegusa mahali panapostahili uzi mzima. Kipimo changu cha hali ya kiti kinabaki palepale, ila kwa kocha mweusi wa kizazi cha Croom na Strong viti vilivyofunguliwa vilikuwa vile ambavyo wengine walivikwepa, halafu matokeo ya viti hivyo yakatumiwa kuwapima wote waliofuata. Croom alishinda michezo 21 na kupoteza 38 katika misimu mitano. Ukisoma namba hizo peke yake utamwonea. Mwaka 2007 aliifikisha timu ile kwenye ushindi mara 8, na mwaka uliofuata akaondoka. Ninaamini kukubali kwake kulikuwa na maana ambayo haimo katika hesabu za taaluma yake binafsi, na ninamheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Kwa kocha mweusi wa leo, ningetilia mkazo mambo mawili. Kwanza, adai miaka na dhamana katika mkataba kwa ukali zaidi kuliko mwenzake, kwa kuwa nafasi ya pili kwake huwa finyu zaidi; Will Muschamp alifukuzwa Florida mwaka 2014 na kufikia msimu wa 2016 alikuwa kocha mkuu wa South Carolina, katika ligi ileile. Pili, asikubali kuitwa kwenye usaili ambao mshindi wake ameshapangwa. Mawakala wazuri hulijua hilo kabla ya ndege kukodiwa.

Mchangiaji wa nne

Umemtaja Muschamp. Je, ahadi ya urithi ina thamani? Texas, alikokuwa akiratibu ulinzi, walimtangaza mwaka 2008 kuwa mrithi wa kocha mkuu Mack Brown, na hakukirithi kiti hicho. Na jambo la pili: mratibu akipata kazi wakati timu yake iko kwenye mtoano wa ubingwa, aondoke au abaki mpaka fainali?

Mwanzisha uzi

Ahadi ya urithi ina thamani ikiwa na tarehe. Fisher alitangazwa mrithi Florida State mwishoni mwa 2007, na Bobby Bowden akastaafu baada ya mchezo wa Januari 2010, yaani miaka miwili. Texas hawakuweka tarehe. Muschamp alisubiri mpaka Desemba 2010 akaona Brown haondoki, akaenda Florida. Naye Brown akaendelea misimu mitatu zaidi. Kwa hesabu za kusubiri, Muschamp alifanya sawa kuondoka. Tatizo lake lilikuwa kuchukua kiti ambacho Urban Meyer alikuwa amekizoesha ubingwa, bila kuwahi kuongoza timu yoyote.

Kuhusu mtoano, ratiba imekuwa ngumu mno tangu mashindano yapanuliwe hadi timu 12 katika msimu wa 2024. Siku ya mapema ya kusaini wachezaji wapya iko mwanzoni mwa Desemba, mtoano unaanza katikati ya Desemba, na fainali inachezwa nusu ya pili ya Januari. Kocha mpya anatakiwa kuwapigia simu vijana wa chuo kipya asubuhi na kuandaa mpango wa mechi wa chuo cha zamani mchana. Dan Lanning aliajiriwa na Oregon Desemba 2021 akabaki kuongoza ulinzi wa Georgia mpaka walipoifunga Alabama 33 kwa 18 katika fainali ya Januari 2022. Smart alifanya hivyohivyo na Alabama baada ya kukubali kazi ya Georgia. Lane Kiffin alijaribu mwaka 2016, akiwa amekubali kazi ya Florida Atlantic, lakini Saban akaachana naye wiki moja kabla ya fainali na kumpa Steve Sarkisian mashambulizi. Alabama wakafungwa na Clemson 35 kwa 31.

Ningemshauri abaki, kwa sharti moja: kabla ya kusaini awe tayari na mtu wa kumtanguliza. Siku anayotangazwa, huyo msimamizi wa usajili na angalau wasaidizi wawili wawe wameshafika chuo kipya, wenye mamlaka ya kuzungumza na wachezaji kwa niaba yake, na jambo hilo mkurugenzi wa michezo awe amelikubali kwa maandishi. Mratibu asiyeweza kuwataja watu hao watatu kwa majina siku anapopigiwa simu, basi mwaka huo bado si mwaka wake. Na akiwataja, aulize pia kama bajeti ya chuo inaweza kuwalipa, kwa sababu wapo waliokubali kazi kwa kuamini wasaidizi wao watawafuata, wakakuta nafasi zote zimeshajazwa na watu wa kocha aliyefukuzwa, wenye mikataba ambayo chuo hakina fedha ya kuivunja.